Masizi Katika Kompresa ya Lori

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo, kisichozidi ukubwa wa chungu cha mboga, kilichofungwa ubavuni mwa injini ya lori. Wengi wamepanda malori na mabasi miaka mingi wasijue kuwa kitu hicho kipo. Jina lake ni kompresa, maana yake ni mtambo wa kushindilia hewa; na habari yenyewe hasa ni habari ya masizi.

Twaanza na jambo tulilolishuhudia Mpitimbi, kusini ya mji wa Songea. Ilikuwa kipupwe, majira ya kuuza mahindi. Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa tangu jioni. Magunia yamefungwa kamba, turubai limetandazwa juu yake, na wenye mahindi wamekaa kando ya njia wamejifunika mablanketi. Alfajiri dereva akawasha injini. Injini ikawaka vizuri, ikanguruma, lakini lori halikuondoka. Dereva akapiga resi, akaacha, akapiga tena. Robo saa ikapita, ikafuata nyingine. Mzee mmoja, aliyekuwa na magunia yake humo, akamwendea dirishani akamwambia, "Mwanangu, dizeli hii unayoichoma hapa ndiyo utakayokuja kututoza mbele. Twende."

Dereva akamjibu kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Siwezi kwenda, upepo haujajaa."

Mzee akatazama migomba iliyokuwa ikipigwapigwa na baridi ya asubuhi, akasema, "Na huu wote ni nini?" Watu wakacheka, na dereva naye akacheka, lakini hakuondoka. Nasi twasema alifanya vema, tena tungependa madereva wote wawe na subira kama yake.

Upepo alioutaka si huu wa kutikisa migomba. Lori kubwa halisimamishwi kwa nguvu za mguu wa dereva. Mtu wa kilo 70 atawezaje kulizuia kwa mguu gari lenye uzito wa tani 20 au 30? Mguu wake hufungua njia tu, na upepo ulioshindiliwa katika mitungi ya chuma chini ya gari ndio unaokwenda kusukuma breki. Shauri hili ni la zamani. Mmarekani aitwaye George Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo za garimoshi mwaka 1869, na mwaka 1872 akaligeuza shauri lake, hata ikawa upepo ukipotea breki hujikaza zenyewe badala ya kulegea. Malori mengi ya sasa yamefuata fikira ile kwa njia ya spiringi. Katika breki za nyuma mna spiringi kubwa yenye nguvu nyingi. Upepo ndio unaoibana isifanye kazi. Upepo ukiwa haba, spiringi hujinyosha na magurudumu hukazwa. Kwa hiyo dereva yule wa Mpitimbi, hata angalitaka kuondoka, lori lisingalikubali.

Mbele ya dereva kuna geji ionyeshayo nguvu ya upepo. Katika malori mengi kompresa hushindilia hata kufika paundi 120 hivi kwa kila inchi ya mraba; hapo kifaa kiitwacho gavana huipa amri ipumzike. Breki zikitumiwa, upepo ukashuka karibu na paundi 100, gavana huiamuru ianze tena. Ukishuka hata paundi 60, taa ya hatari huwaka au kengele hulia. Geji nyingine zina hesabu ya bar. Bar 1 ni kama paundi 14 na nusu, basi bar 8 ni karibu paundi 116.

Mwenye kutoka Songea kwenda Njombe na Makambako atakutana na milima ya Lukumburu. Mwenye kwenda Mbamba Bay atateremka kutoka vilima vya Umatengo mpaka Ziwa Nyasa, ambalo uso wake u karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Katika miteremko kama hiyo kila dereva akikanyaga breki, upepo kiasi fulani hutumika na kutoka nje. Ndiyo sauti ile ya "pshaa" ambayo watoto hupenda kuiiga. Kompresa nzima hurudisha upepo uliotumika kabla dereva hajakanyaga tena mara nyingi. Kompresa iliyozibwa na masizi hairudishi upesi. Dereva akanyaga, geji yashuka. Akanyaga tena, yashuka zaidi. Mwisho wake ni mmoja katika mambo mawili. Ama spiringi zitajikaza ghafula katikati ya kona, lori limejaa mzigo, magurudumu yakaburura. Ama, ikiwa lori ni la zamani lisilo na spiringi hizo, dereva ataachwa na mguu mtupu. Twafikiri hakuna mwenye mahindi atakayependa kuchagua lolote katika hayo.

Sasa tueleze masizi yatoka wapi, maana hewa haina masizi. Enyi wanafunzi, shikeni pampu ya baiskeli, mzibe tundu lake kwa kidole, mkaisukume kwa nguvu mara ishirini. Kisha guseni upande wa chini wa pampu. Mtaona una joto. Joto hilo halikutoka motoni, wala si la kusuguana peke yake. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, aliijenga injini yake juu ya jambo hilihili, akafanikiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Katika injini za jinsi hiyo zinazotumika sasa, hewa hushindiliwa hata ikabaki katika nafasi ya sehemu moja ya kumi na sita au chini ya hapo, na joto lake hupita digrii 500 za sentigredi; dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe pasipo cheche. Jambo la kuchekesha ni kwamba injini ya kwanza ya bwana yule nayo ilikuwa na kompresa ubavuni. Si kwa ajili ya breki, bali kwa kupuliza mafuta yaingie ndani ya silinda. Hivyo ndugu hawa wawili, injini ya dizeli na kompresa, wamefuatana tangu mwanzo wa injini hiyo.

Kompresa ya lori ina silinda na pistoni kama injini, ila ni ndogo. Juu yake kuna kichwa chenye vali mbili: moja ya kuvuta hewa ndani, na moja ya kuitoa kwenda mitungini kwa bomba. Haishindilii kwa nguvu kama injini, walakini hewa itokayo hupata joto kubwa, na kompresa ikiwa katika taabu joto hilo laweza kupita digrii 200. Pistoni yake hulainishwa kwa oili ya injini. Oili kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ikapanda juu, haikosi. Ikifika kwenye vali ya kutolea hewa, penye joto kupita mahali pote, huungua. Mama zetu wanajua habari za kikaango kilichoachwa motoni na mafuta yake: kwanza utando wa hudhurungi, kisha weusi mgumu usiotoka kwa maji. Ukoko wa namna hiyo ndio unaoota katika kichwa cha kompresa na katika bomba lake.

Ukoko ukiwa mwembamba hauna neno. Lakini kazi yake huzaa kazi nyingine. Njia ya bomba ikipungua upana, kompresa hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na hewa hupata joto zaidi. Joto likizidi, oili huungua zaidi, na ukoko huongezeka. Tena kipande cha masizi kikikaa chini ya vali, vali haifungi barabara. Hewa iliyokwisha kushindiliwa hurudi ndani, ikashindiliwa mara ya pili ingali moto. Kwa hiyo kompresa inayoanza kuziba haizibi pole pole siku zote. Mwanzo huchukua miezi, na mwisho huchukua majuma tu. Ndiyo maana madereva wengi husema, "Juzi lilikuwa zima."

Yule dereva wa Mpitimbi alisema maneno hayohayo. Fundi akaitwa kutoka Songea, akafika mchana kwa pikipiki na mfuko wake wa spana. Hakushika spana kwanza, alishika saa. Akamwambia dereva awashe, apige resi ya kutosha, naye akatazama geji. Kawaida iliyowekwa kwa malori yenye mitungi miwili ya breki ni kwamba upepo upande kutoka paundi 85 hata 100 katika sekunde 45, isizidi. Sindano ile ilichukua zaidi ya dakika tatu. Kisha akamwambia utingo afungue koki ya mtungi wa kwanza, akakinga sahani chini yake. Yakatoka maji yenye oili, rangi ya togwa iliyochacha, na ndani yake chembe nyeusi kama punje za ulezi. Fundi akazisugua chembe zile kwa vidole akasema, "Hizi zimetoka katika kichwa. Zimesafiri." Twaona kipimo hiki cha sahani hakina gharama yoyote, na kila utingo angeweza kukifanya jioni lori linapolala.

Hapo kijana mmoja, mwenye nia njema kabisa, akaleta dumu la petroli ya pikipiki. Alisema ameona mahali watu wakiinyweshea kompresa petroli kidogo katika tundu la kuvutia hewa, injini ikiwa inazunguka, na masizi yakatoka yote. Fundi akalitwaa dumu, akalipeleka mbali, ng'ambo ya njia, akarudi bila kusema kitu.

Neno hili twataka tulikalie kidogo, kwani ndilo lenye kuua. Tumekwisha sema kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto, na kwamba katika injini ya dizeli joto hilo latosha kuwasha mafuta pasipo cheche. Sasa mtu akitia petroli, au mafuta ya taa, au dizeli, katika kompresa, amefanya nini? Ameigeuza kompresa kuwa injini ya dizeli, ila ni injini isiyo na mahali pa kutolea moto wake isipokuwa bomba na mitungi ya upepo. Wengine hudhani mafuta ya taa ni salama kuliko petroli. Katika jambo hili sivyo. Mafuta ya taa huweza kujiwasha yenyewe katika joto la digrii 210 hivi, chini ya petroli. Na petroli nayo, mvuke wake ni mwepesi wa kushika cheche yoyote. Tena masizi yenyewe yakipata joto kubwa huweza kushika moto kama makaa ya jikoni yanavyopulizwa. Katika viwanda na migodi ya nchi nyingi yamekwisha kupasuka mabomba ya kompresa kwa sababu hiyo. Basi kompresa haioshwi kwa mafuta yanayowaka, wala haioshwi injini ikizunguka, iwe ya lori au ile ndogo ya kujazia upepo magurudumu ya pikipiki.

Kazi yenyewe ilianza siku ya pili, kompresa imepoa usiku kucha. Lori lilikuwa mahali tambarare. Fundi akataka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, ingawa breki za spiringi zilikuwa zimekaza. Na ufunguo wa gari akautia mfukoni mwake. Akafungua koki zote za mitungi, akangoja mpaka hazitoi sauti na geji imelala sifuri. Bolti ikifunguliwa penye upepo wa paundi 100 yaweza kumrukia mtu machoni. Na kwa kuwa tumezitaja breki za spiringi, tuseme na hili: vyumba vyake vya chuma kule nyuma visifunguliwe na asiyejua, hata kama upepo umekwisha. Upepo umekwisha, spiringi haijaisha. Ikitoka kwa ghafula yaweza kumwua mtu.

Kichwa cha kompresa ile kilipozwa kwa maji ya rejeta, kama zilivyo nyingi. Maji yakatolewa katika ndoo, na ndoo ikafunikwa. Dawa inayotiwa katika maji ya rejeta ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa na hata mtoto aweza kuinywa.

Kisha akafungua mabomba, akafunga kila moja uzi wa rangi yake asije akayachanganya. Bomba la kutolea hewa lilipotoka, alituita tutazame. Tundu ambalo kidole cha shahada kingaliingia, sasa kalamu ya risasi ilipita kwa shida. Zile bolti za kichwa alizilegeza kwa zamu, kidogo kidogo, akivuka kutoka upande huu kwenda upande wa pili, ili kichwa kisipindike. Kiliposhikamana hakuchokonoa kwa bisibisi. Alikigonga kwa kipande cha mti mpaka kikaachia. Vipande vya ndani, vali na spiringi zake ndogo, alivipanga juu ya ubao wenye kitambaa safi kwa taratibu ile ile aliyovitoa, akaandika kwa chaki "kuvuta" na "kutoa". Akapiga na picha kwa simu yake. Mafundi wa zamani walitegemea kumbukumbu tu, na mara nyingine vipande viwili vilibaki mkononi kazi ikiwa imekwisha. Simu imeondoa aibu hiyo.

Masizi yalikuwa manene upande wa kutolea hewa, upande wa kuvuta yalikuwa haba. Aliizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikapanda juu kabisa, akaziba pembeni kwa kitambaa ili chembe zisianguke kandokando ya ringi. Kisha akakwangua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Twalisifu sana jambo hili la mwanzi. Mtu mwenye haraka hutumia kisu au msasa, akayatoa masizi kwa dakika chache, na pamoja na hayo akauharibu uso ambao vali hukalia. Mchirizi mdogo kama unywele watosha kupitisha hewa. Punje za msasa nazo hubaki ndani, zikala silinda. Alilowanisha masizi kwanza yasiruke vumbi, wala hakuyapuliza kwa kinywa.

Kichwa na vipande vyake vikalazwa katika maji ya moto yenye sabuni ya unga mpaka jioni, maji yakabadilishwa mara tatu. Vikasuguliwa kwa brashi ya mswaki wa zamani, vikasuuzwa, vikakaushwa vizuri. Njia za maji ya kupozea nazo zikasukumiwa maji mpaka yakatoka meupe, maana kompresa isiyopozwa itarudisha masizi mara moja. Vali ni vibamba vyembamba kama wembe. Kila kimoja kililazwa juu ya kioo kuona kama kimelala sawasawa. Kimoja kilikuwa kimepinda. Kijana wa petroli akasema kinyooshwe. Fundi akamwambia, kwa upole safari hii, kwamba chuma cha namna ile kikipinda kimechoka, na kikinyooshwa kitakatika. Kipande chake kitaanguka juu ya pistoni, na hapo gharama si ya kibamba tena.

Likabaki bomba. Wako watu wanaolitia bomba katika moto wa mkaa mpaka masizi yaungue. Hatulipendi shauri hili. Bomba la shaba hulainika, la chuma hufanya magamba ndani, na magamba yale husafirishwa na upepo mpaka katika vali za breki. Wako wengine, wabaya zaidi, wanaoondoa bomba la chuma na kutia mpira. Bomba lile halikuwekwa refu na tupu bure. Kazi yake ni kuipoza hewa kabla haijafika mtungini. Mpira haupozi, huungua, na ukipasuka mlimani ni yaleyale ya Lukumburu. Kwa hiyo bomba jipya, kibamba cha vali na gasketi mpya vikatumwa Songea, na lori likalala Mpitimbi siku nyingine mbili.

Siku hizo mbili hazikuwa za raha. Wenye mahindi walikuwa wameahidiwa fedha zao mjini. Mmoja alikuwa na karo ya mtoto wa kulipa. Walimwambia fundi akate gasketi ya karatasi ya boksi, walisema wameona ikifanywa. Ni kweli hufanywa. Yakaa siku kadhaa, kisha hupasuka, na kwa kuwa kichwa kina maji, maji huingia katika silinda. Mwenye lori, kwa simu, naye alikuwa akipiga kelele. Hatuwalaumu; mahindi juani si jambo jepesi. Lakini twasema hasara ile haikuletwa na fundi wala na gasketi. Ililetwa na miezi mingi ya kutofungua koki na kutotazama chujio.

Maana fundi, alipokuwa akingoja vifaa, alilitafuta kosa lenyewe, na hapa ndipo tulipomjua kuwa ni fundi kweli. Kukwangua masizi bila kuuliza oili ilipandaje ni kama kufuta machozi ya mtoto bila kumtoa mwiba. Kwanza akafungua chujio la hewa la kompresa. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu la kiangazi, limeganda kama tofali. Kompresa inayonyimwa hewa huvuta kwa nguvu, na ikikosa hewa juu hunyonya oili kutoka chini kupitia kando ya ringi. Pili, alitia povu la sabuni katika viungo vyote vya mabomba, akakuta mpira mmoja karibu na gurudumu la nyuma ukitoa mapovu. Gari moja lisilo na tela, injini ikizimwa na breki zikiwa zimeachiwa, halipaswi kupoteza zaidi ya paundi 2 kwa dakika. Lile lilipoteza karibu 8. Basi kompresa ilikuwa haipumziki hata kidogo, ikishindilia usiku na mchana kwa kuujaza mfuko uliotoboka, na kompresa isiyopumzika haipoi. Akatazama na njia ya kurudishia oili katika injini, ilikuwa wazi. Na ukuta wa silinda, haukuwa na michirizi. Angaliukuta umechakaa, angaliwaambia ukweli kwamba kukwangua ni kwa muda tu, kompresa itengenezwe upya au ibadilishwe.

Vifaa vilipofika, kazi ya kufunga haikuchukua saa tatu. Bolti zilikazwa kwa zamu kama zilivyofunguliwa, kwa spana ile yenye kupima nguvu, kwa hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha lori hilo. Maji yakarudishwa katika rejeta. Injini ikawashwa ikaachwa polepole kwanza, na povu la sabuni likapakwa tena. Kisha dereva akapiga resi, na fundi akatoa saa yake. Kutoka paundi 85 hata 100: sekunde 31. Sindano ikapanda mpaka 120, gavana ikatoa pumzi yake, kompresa ikapumzika; pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Fundi akafungua koki za mitungi mara moja zaidi, kutoa chembe zilizosalia, akamwonyesha utingo namna ya kukinga sahani. Alimwambia afungue kila jioni, na zaidi wakati wa masika, kwa kuwa hewa ya masika ina maji mengi. Chujio jipya likafungwa. Bomba la zamani lilibaki Mpitimbi. Mwalimu mmoja alilichukua, akalikata katikati kwa msumeno, akaliweka darasani juu ya meza yake. Yule mzee aliyecheka upepo wa migomba alikwenda kulitazama kabla ya kupanda lori. Akaingiza kidole chake kidogo, kisipite, akakitoa kimekuwa cheusi, akakaa mbele karibu na dereva wala hakumhimiza tena.